Vema za Julai na Agosti

Tulimzika Fundi Gwandu nyumbani kwake Buger, Jumamosi mchana, pembeni ya shamba la mbaazi. Wasifu wa marehemu aliusoma binti yake mkubwa, kwa sauti kavu isiyotetemeka hata mara moja. Alipofika kwenye habari za kazi alisema baba yao alikuwa fundi wa magari Karatu mjini kwa miaka mingi, kisha “kwa hiari yake akaamua kurudi nyumbani, alime na kutengeneza pampu za wakulima wa vitunguu kule Mang’ola.” Nilikuwa safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa ukizama udongoni, na niliposikia hilo neno hiari nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Baadaye, tulipokuwa tunakula, katekista mmoja mzee akaja kukaa karibu yangu na sahani yake ya wali. Akaniambia, “Wewe ndiye yule mwanafunzi wake. Mungu akubariki, umeienzi kazi ya mwalimu wako.” Nikamjibu kwamba marehemu hakuwahi kunifundisha kitu isipokuwa matusi. Mzee wa watu akacheka sana, akadhani ni utani wa msibani, akanipunguzia kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake.

Mtu akishakufa hupewa tabia mpya pamoja na sanda. Mimi sitampa Gwandu tabia mpya. Alikuwa mtu mbaya kwangu, nami nikawa mbaya kwake, na mwaka mmoja tuliokaa pamoja ndani ya gereji moja ndio ulionifanya niwe huyu ninayesalimiwa barabarani, fundi wa magari ya haibridi, yale yanayokwenda kwa petroli na umeme wa betri, anayefuatwa na watu kuanzia Mto wa Mbu hadi geti la Ngorongoro. Siku hizi magari hayo yamejaa, kila mwalimu na kila nesi analo. Mwaka ule Karatu nzima tulikuwa nalo moja, na lilikuwa zee.

Nilifika gereji kwa Bosi Damiano mwezi wa kumi, nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti cha umeme wa magari ndani ya bahasha ya kaki. Gereji ilikuwa nyuma ya soko: uwanja wa udongo mwekundu uliolowa oili chafu, mashimo mawili ya kushukia chini ya magari, bati juu ya nguzo za mikaratusi, na upande wa mashariki chumba kimoja tu chenye mlango. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha umeme. Kilikuwa na meza ndefu, dirisha la kioo, soketi sita, na kufuli. Fundi umeme wa zamani alishahamia Arusha, na tangu aondoke hakuna aliyepewa ufunguo. Mimi nilikitamani kile chumba kuliko nilivyowahi kumtamani mwanamume yeyote, nalisema hivyo bila aibu. Wakati huo nilikuwa nafanyia kazi zangu juu ya tairi bovu, nalinda waya zangu na upepo. Na pale gereji kulikuwa na desturi yake: cheti hakikufanyi fundi. Unaitwa jina lolote, kijana, mwanafunzi, wewe hapo, mpaka siku Bosi Damiano atakapokuita Fundi mbele ya watu. Akishakuita hivyo, basi umeingia, hakuna wa kukuondoa. Mimi niliitwa binti wa kompyuta, kwa sababu ya mashine ndogo ya kusomea makosa ya gari niliyokuja nayo. Nisingeitwa Fundi, kilichokuwa kinanisubiri ni jembe la mkono na kupalilia ngwara, yale maharage ya kwetu.

Jina la binti wa kompyuta alilitunga Gwandu. Alikuwa fundi mkuu, mrefu, mkono wa kushoto una vidole vinne, na magari yote makubwa ya watalii yalipita mikononi mwake. Kila asubuhi nilimwamkia, “Shikamoo, Fundi,” na kila asubuhi alinipita kimya, kana kwamba aliyemwamkia ni jeki. Mtu anayejua kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani ataelewa. Kukutukana mtu anaweza kutokana na hasira za siku hiyo, lakini kukunyima marahaba kila siku, mwezi mzima, inahitaji kazi. Nikaendelea kumwamkia kwa ukaidi tu, kwa sauti ya juu, watu wasikie. Alinipa kazi za kuosha vyuma kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikawa inabambuka. Akipita karibu na tairi langu alimwaga vumbi kwa mguu. Siku moja nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba mwanamke akishika spana, nati inalia. Nikamwambia nati zake yeye zinalia kwa sababu anazikaza kama anamnyonga mtu. Tangu siku hiyo tukawa tumetangaziana vita, na sikutaka mtu atupatanishe.

Gari lenyewe lilikuwa la Mama Shamsa. Huyu alikuwa mwanamke wa Kondoa mwenye duka la vitenge pale mjini, aliyekuwa pia akinunua vitunguu Mang’ola na kuvipakia kwenye malori ya Arusha. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye ulimi mkali, na aliendesha mwenyewe. Alilinunua lile gari dogo la Kijapani Arusha, kwa mtu aliyemwambia kwamba linakunywa mafuta kidogo, na kweli lilikunywa kidogo. Asichoambiwa ni kwamba lilikuwa limeshatembea kilomita laki tatu na themanini elfu, na kwamba chini ya kiti cha nyuma kuna betri kubwa inayopumua kama mtu. Lina tundu la hewa pembeni mwa kiti, karibu na mlango, na nyuma ya tundu kuna feni inayovuta hewa kuipoza betri. Betri isipopozwa inaungua taratibu, seli moja baada ya nyingine. Gari la kawaida likiumwa litakohoa, litatoa moshi, litakupa muda wa kujiandaa. Haibridi hunyamaza mpaka siku ya mwisho.

Mara ya kwanza nilipolifungua lile tundu nilitoa vumbi jekundu la Karatu na vumbi jeupe la Mang’ola yakiwa yamelaliana tabaka kwa tabaka, na katikati yake maganda ya vitunguu, makavu, membamba, yamejisokota kwenye mapanga ya feni. Mama Shamsa alikuwa na kawaida ya kujaza magunia yaliyobaki kwenye kiti cha nyuma, na gari lilikuwa linameza maganda safari nzima. Sidhani kama kuna kitabu cha mtengenezaji yeyote kinachotaja maganda ya vitunguu. Nilimwonyesha, nimeyashika kiganjani. Akasema, “Yaa Rabi! Kumbe nimekuwa nalipikia mchuzi.” Akakubali magunia yahamie nyuma kwenye buti, na kile kitambaa cha kufuma alichofunikia kiti kisishuke hadi kwenye tundu. Tulielewana siku hiyo hiyo.

Kibanda cha chai kilikuwa kimeegemea ukuta wa gereji, mbao tupu, na mimi nilikula upande wa nyuma, jikoni, kwa sababu upande wa mbele walikaa mafundi na madereva wa watalii na sikutaka kuwaona wakitafuna. Ukuta wa mbao uliotutenganisha ulipitisha kila neno. Nilikuwa na bakuli langu la makande siku niliposikia wanajadili gari la Mama Shamsa. Dereva mmoja alikuwa akilalamika kwamba klayenti wake, watalii, wamemlazimisha ashuke kreta ya Ngorongoro na ukungu wote ule, kisha mazungumzo yakageuka. “Lile si gari,” ilikuwa sauti ya Gwandu. “Lile ni simu yenye matairi. Betri ikifa unatupa. Ng’ombe akizeeka humnyweshi dawa ya minyoo, unamchinja ukiwa bado unapata nyama.” Lemburis, dereva kutoka Enguserosambu, akamjibu kwa lafudhi yake ya Kimasai, “Hapana, fundi. Kwetu ng’ombe mzee anayetoa maziwa anatunzwa kuliko ndama. Ndama atajitunza.” Wakacheka. Gwandu hakucheka. Akasema, “Basi mpeni huyo binti wenu. Nasema mbele yenu: halifiki mwezi wa kumi mwakani.”

Niliweka bakuli chini nikazunguka kibanda, nikasimama mbele yao na mdomo bado una maharage. Nikasema litafika. Gwandu akauliza, lisipofika je? Nikasema nitaondoka. Bosi Damiano alikuwa pale anakoroga chai yake, mtu wa maneno machache asiyependa kelele wakati wa chai, na nadhani alitaka tu tunyamaze. Akasema, “Haya. Likifika Oktoba na betri yake ile ile, chumba cha umeme ni cha huyu. Lisipofika, anafungasha. Sasa niacheni ninywe.” Hivyo ndivyo maisha yangu yalivyopangwa, kati ya chapati na chai.

Nilinunua daftari la kurasa mia moja, nikachora mistari kwa rula. Kila mwezi ulikuwa na ukurasa wake, na kila kazi na kisanduku chake cha kutia alama ya vema: kufungua tundu la hewa, kusafisha chujio na feni, kutazama maji ya kupozea ya injini na yale mengine, ya inveta, lile sanduku linalougeuza umeme wa betri uende kwenye mota, kupima betri ndogo ya mbele, ambayo ikichoka gari zima linajifanya limekufa, mafuta ya breki, yaliyokuwa meusi kama kahawa, oili ya injini, maana watu hudhani injini inayolala lala haichafui oili. Novemba hadi Mei nilizifanya kazi hizo zote kwa mikono yangu, na sitaki mtu anichukulie hilo. Nilimfuata Mama Shamsa mpaka dukani akichelewa kuleta gari. Alikuwa akiniona mlangoni anawaambia wateja wake, “Daktari wa mjukuu wangu kaja,” na ananipa funguo bila kusimama. Gari likaendelea kwenda Mang’ola na kurudi, kimya, na kila liliporudi salama nilihakikisha Gwandu ameliona.

Mara moja, mwezi wa tatu, pampu ya maji ya inveta ilikuwa na tatizo na mashine yangu haikuonyesha chochote. Nilikuwa nimeinama juu ya injini nusu saa. Gwandu akapita, akasimama, akachukua bisibisi ndefu kutoka kwenye boksi langu bila kuomba, akaweka ncha juu ya pampu na mpini sikioni. Akasikiliza. Akanirudishia akisema, “Inasaga. Kompyuta yako haina masikio, pumbavu.” Akaenda zake. Niliweka bisibisi sikioni nikasikia, kwa chini kabisa, mkwaruzo. Pampu nikaibadilisha siku ile ile, kabla haijaua inveta. Sikumshukuru. Hata leo nasikiliza pampu kwa njia ile, wateja wanashangaa, na sijawahi kusema nimeipata wapi.

Juni vumbi likaanza. Wasioijua barabara ya Mang’ola wakati wa kiangazi hawajui vumbi: linaingia kwenye saa, kwenye meno, kwenye mayai yaliyochemshwa. Chujio la kiwandani lilikuwa limechoka na jipya lilikuwa halipatikani Arusha nzima. Nikaona nitumie akili. Nilikata kipande cha shuka langu la kitandani, la buluu lenye maua meupe, nililokuwa nalo tangu bwenini, nikakipinda pindo kwa sindano, nikakitega ndani ya tundu mbele ya lile chujio. Chujio la pili, la kienyeji. Lilikuwa wazo zuri kama kile kitambaa kingefuliwa kila wiki mbili. Sikuliandika kwenye daftari kwa sababu halikuwa na kisanduku chake, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka Oktoba ikifika niwaeleze wote kwa mpigo jinsi nilivyolishinda vumbi.

Halafu Julai ikaja, msimu wa watalii, na gereji ikawa kama mnada wa ng’ombe. Magari yaliingia yamevunjika springi, madereva wanapiga kelele kwamba wana klayenti getini saa kumi na mbili asubuhi, baridi na ukungu, vidole havikunjiki. Nilikuwa shimoni tangu asubuhi hadi jioni, nafunga taa, natengeneza mafriji yao ya kuwekea maji ya wazungu. Mwisho wa Julai Mama Shamsa alileta gari, nikatazama maji, nikatazama breki, nikamwambia aende. Tundu la hewa lilihitaji kutoa kiti na kufungua skrubu. Nilikuwa nimechoka. Nikatia vema. Mwisho wa Agosti nikafanya hivyo hivyo, na safari hii sikuwa hata nimechoka sana, nilikuwa nimezoea. Vema ni alama ndogo. Mkono unaipiga kabla akili haijaulizwa. Vijana ninaowafundisha sasa nawaambia wasitie vema kabla mkono haujachafuka, na wao wanaiandika kama hekima.

Septemba, siku ya Jumanne alasiri, lori la vitunguu liliingia uwanjani likivuta lile gari dogo kwa kamba. Mama Shamsa akashuka kutoka mbele ya lori, uso mweupe kwa vumbi, kanga imefungwa kiunoni. “Limenifia mlimani!” alipiga kelele kabla hajafika chini. “Taa zote zimewaka, nyekundu, njano, limejizima, nimekaa juani masaa matatu na nyani wananitazama!” Mimi nilikuwa shimoni chini ya gari la watalii. Nilipopanda juu, Gwandu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, kiti kimetoka, skrubu zimetoka. Watu walikuwa wamezunguka: mafundi wote, Lemburis, dereva wa lori, Bosi Damiano amesimama na kikombe. Gwandu akaingiza mkono wake wa vidole vinne, akavuta. Kitu kikatoka taratibu, cheusi, kizito, kama tambara la kudekia.

Ningeweza kuandika kwamba sikukitambua. Kilikuwa cheusi, hakuna ua lililoonekana, na msomaji angeniamini. Nilikitambua kabla hakijatoka chote.

Gwandu akakinyanyua, akakigeuza, akanitazama. “Hii nini?” akauliza. Na jambo linalonichoma mpaka leo ni kwamba hakuuliza kwa kejeli. Uso wake ulikuwa mtulivu, umekunja ndita kidogo, kama fundi anapomuuliza fundi mwenzake. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kama ningemjibu, “Ni yangu, niliitega Juni nikasahau,” tungeanza kusafisha. Labda ningefukuzwa, labda nisingefukuzwa. Lakini nilikuwa nimeshaandaa chuki ya miezi kumi na moja na ilikuwa karibu na mdomo kuliko ukweli.

“Unaniuliza mimi?” nikasema. “Si wewe uliyesema mbele ya watu halifiki mwezi wa kumi? Si wewe uliyelifunga bushi za miguuni wiki iliyopita, likalala kwako siku mbili?”

Gwandu hakuelewa mara moja. “Unasema nini wewe?”

“Nasema umeziba tundu. Umeona gari linafika, ukaliziba.”

“Bosi,” Gwandu akageuka, bado anaongea taratibu, “tazama hili vumbi. Hili si la wiki moja. Vumbi la wiki moja linapukutika. Hili limeshikana, limenyeshewa umande, limekauka tena. Hii kitu ina miezi humu ndani.”

Alikuwa sahihi. Alilisoma lile vumbi vizuri kuliko mashine yoyote. Bosi Damiano akaweka kikombe juu ya boneti, akaninyooshea mkono. “Daftari.”

Nikalitoa kwenye mfuko wa ovaroli nikampa. Akalifungua polepole, akilamba kidole, akasoma kwa sauti kama mtu anasoma somo kanisani. “Tundu la hewa. Juni, vema. Julai, vema. Agosti, vema.” Akanitazama. “Mwisho wa Agosti ulifungua mwenyewe?”

“Nilifungua mwenyewe. Lilikuwa safi.”

“Bosi, daftari ni karatasi!” Gwandu sasa alikuwa amepandisha sauti. “Mimi nakuonyesha vumbi, wewe unasoma karatasi!”

“Karatasi ina tarehe,” Bosi akasema. “Wewe una nini?”

Mama Shamsa akanisogelea. Alinishika kidevu kama mtoto, mikono yake inanuka vitunguu. “Binti, nitazame. Huyu ana watoto. Unaapa?”

“Haki ya Mungu,” nikasema. Nilisema nikimtazama machoni, na wala sauti haikukwama. Alishusha mkono, akamgeukia Gwandu, akamtemea mate karibu na miguu.

Lemburis peke yake ndiye aliyesema kwamba tungoje, tulale, tuulizane kesho. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikuwa wamemchoka Gwandu kwa miaka, kila mmoja alikuwa na tusi lake alilolitunza, na siku hiyo walipata mahali pa kulitolea. Mmoja akasema alijua tangu zamani. Mwingine akasema ndiyo maana springi za fulani zilivunjika. Bosi Damiano akatikisa kichwa akasema, “Kikulacho ki nguoni mwako,” kisha akamwambia Gwandu akusanye vyombo vyake. Gwandu alinitazama akasema neno moja la Kiiraqw, fupi, ambalo mama yake asingependa alisikie na mimi sitaliandika. Nilistahili zaidi ya hilo neno. Halafu akaenda kwenye vyombo vyake, kile kitambaa cheusi bado mkononi.

Tulilisafisha gari jioni ile ile. Seli mbili zilikuwa zimekufa, nyingine zilikuwa na joto lakini hai. Baadaye nilipata seli za kutoka kwenye gari lililogongwa Arusha, nikazipandikiza, na gari la Mama Shamsa likatembea miaka minne mingine. Bosi alisema betri ilikuwa bado ile ile, kwa kuwa aliyeiua aliiua kwa makusudi. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, na hakuna aliyeipinga.

Lakini kabla ya hayo, wakati wengine bado wanabishana uwanjani, nilikwenda kwenye tairi langu kuchukua spana. Boksi langu lilikuwa wazi. Kipande kilichobaki cha lile shuka la buluu, nilichokuwa nakitumia kufutia mikono, kilikuwa kimetandazwa juu ya vyombo, kimenyooshwa vizuri kama kitambaa cha meza. Juu yake kimelazwa kile cheusi, kimekung’utwa, kona moja imesuguliwa kwa petroli mpaka maua yanaonekana, na ukingo umewekwa kandokando ya ukingo, pale pale mkasi wangu ulipopita. Maua yalikuwa yanakutana. Nikainua macho. Gwandu alikuwa mlangoni mwa gereji, gunia la vyombo begani, akipatana na bodaboda. Bosi Damiano alikuwa hatua kumi kutoka kwake. Alihitaji kusema, “Bosi, njoo uone,” tu. Maneno matatu. Alipanda pikipiki, hakugeuka.

Kwa nini hakumwita? Nimeishi na swali hilo kwa miaka yote hii na limenifanya nimchukie zaidi, si kidogo. Kama alinihurumia, sikumwomba huruma. Kama alinidharau kiasi kwamba hakutaka hata kushindana nami, basi alishinda. Mara mbili nilimkuta Mang’ola kwenye mifereji ya vitunguu, amepiga magoti mbele ya pampu, bisibisi sikioni. Mara zote mbili nilimwamkia, naye hakuinua kichwa, na mara zote mbili nilirudi kwenye gari nikishukuru kwamba hakuitikia. Binti yake alisoma “kwa hiari yake” mbele yangu na mimi nikafunga mikono mapajani. Sasa nimeandika. Atayasoma haya, au atasomewa, na atajua pa kunipata.

Siku ile nilisimama juu ya boksi nikisikiliza pikipiki inavyoondoka. Kisha nikavikunja vile vipande viwili pamoja, nikavisukuma ndani ya pipa la oili chafu, nikavizamisha kwa mpini wa jeki mpaka vikaacha kuelea. Bosi Damiano alikuwa anakuja, ufunguo wa chumba cha umeme mkononi, akaita mbele ya watu wote, “Fundi!”

Nikafuta mikono kwenye ovaroli, nikaitika, “Naam.”